Kunywa Yote, Usimwambie Mtu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wakili alifagia saluni ya mama yake. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: benchi la wateja, viti viwili vya kusukia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na rafu iliyojaa machanuo, mafuta na mafungu ya rasta. Nywele za jana zilikuwa zimejisokota chini ya viti, na kila alipozifagia zilipeperuka zikarudi. Wakili alifagia huku akizisema, maana mtoto huyo hakuweza kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa.

"We mtoto, unagombana na nani asubuhi yote hii?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Na hizi nywele, mama! Nikizitoa zinarudi. Hazina adabu kabisa."

"Ziache nazo zipumue. Njoo, chai inapoa."

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine, lakini tangu darasa la tatu hakuna aliyelitumia. Siku moja mwalimu wa zamu alitaka kumwadhibu mtoto aliyechelewa kwa sababu ya mvua. Huyu binti akatoka mstarini, akasema si haki, kwa kuwa mwalimu naye alichelewa kwa mvua hiyo hiyo. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta, mtoto akasamehewa, na jina la Wakili likamganda mtetezi wake. Toka hapo, ukimpokonya mtu kalamu, Wakili huyo. Ukiruka foleni ya bomba, Wakili huyo. Hakuwa na dogo, na mara nyingi alikuwa na haki, tusimnyime sifa yake. Ila mtu akizoea kuwa na haki kila siku, husahau kuchunguza kama na leo anayo.

Shuleni kwao kulikuwa na chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Mwalimu mmoja kijana aliyatoa madawati hayo kwa mikono yake, akapaka kuta rangi, akagongelea rafu, kisha akaomba vitabu huku na huko mpaka rafu zikajaa. Wanafunzi walimwita Mwalimu Miwani, kwa sababu kila siku aliitafuta miwani yake na kila siku alikuwa ameivaa. Mlangoni mwa maktaba hiyo alitundika Ubao wa Wasomaji. Ukimaliza kitabu, unaandika maoni yako kwenye kipande cha karatasi, unakibana hapo kwa pini. Sharti lilikuwa moja tu: sema ulichokiona mwenyewe.

Muhula huo hakuna kitabu kilichoujaza ubao kama *Darasa la Mnarani*. Kilikuwa kitabu cha katuni, kinene, cha zamani, kilichotoka nchi ya mbali kikafasiriwa kwa Kiswahili. Kilisimulia juu ya wanafunzi waliokwenda kutembelea mnara wa taa kwenye kisiwa cha mawe. Ukungu ukashuka, wakakwama huko, na kila ukungu ulipozidi, kitu fulani kilisikika kikipanda ngazi za mnara taratibu. Watoto waliokisoma hawakulala kwa hofu, na ambao hawajakisoma hawakulala kwa hamu.

Wakili alisimama mbele ya ubao akasoma maoni ya wenzake.

"Nyumbani kwetu hakuna ngazi, lakini sasa naogopa ngazi," mmoja alikuwa ameandika.

"Nimekisoma nikiwa nimejifunika shuka. Shuka halisaidii," aliandika mwingine.

"Kizuri mno. Mwisho nililia."

"Mimi sikielewi. Watu wanajibu kabla hawajaulizwa. Aliyekifasiri alikuwa anasinzia."

"Kibaya! Watoto wabaya! Kichomwe moto!"

Wakili akashika kiuno. Kitabu kimoja, iweje huyu alie kwa uzuri wake na yule atake kichomwe? Akajiunga na foleni ya kukiazima, na zamu yake ilipofika alikimbilia nacho kwenye kibaraza cha darasa la sita, akakaa sakafuni, akakifungua kama anavyofungua vitabu vyote vya shule.

Picha ya kwanza ilionyesha mashua imefika kisiwani, imejaa watu wazima, na watoto wanawakimbilia huku wanalia. Sawa. Lakini kurasa chache mbele, mashua haipo na watu wazima hawapo. Wamekwenda wapi? Hakuna anayesema. Watoto walikuwa wamekonda, mashavu yameingia ndani, nguo zimechanika. Kadiri alivyofunua, ndivyo watoto walivyonenepa! Kisiwa ni mawe matupu, hakuna hata mgomba, na watoto wananenepa. Wanakula nini? Wakili aliwakumbuka wale watu wazima wa kwenye mashua, akajijibu mwenyewe: wamewala! Maneno yenyewe hayakukamatana, mtu alisema "Ahsante" kabla hajapewa kitu, lakini hilo aliliweka kwenye hesabu ya yule mfasiri aliyesinzia.

Kisha akafika kwenye ukurasa uliompandisha mori. Mtoto mdogo kuliko wote amekaa, anatabasamu. Kiranja wa darasa, msichana mwenye nywele fupi, anampa chupa, mtoto anakunywa. Kiranja anamwambia: "Kunywa yote. Usimwambie mtu." Na katika kisanduku cha picha kinachofuata, mtoto yule yule amelala chini, macho yamegeuka, midomo imekauka.

"Ala!" Wakili alisema kwa sauti. "Amemwekea sumu!"

Akafunua haraka haraka mpaka ukurasa wa mwisho. Lo! Darasa zima liko ufukweni, safi, limepiga mstari, linacheka na mwalimu wake kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna aliyekamatwa, wala aliyepigwa hata kofi. Damu ilimchemka. Akachukua karatasi, akaandika huku kalamu ikitoboa upande wa pili:

"Kitabu hiki ni cha aibu. Kiranja anamnywesha mwenzake sumu, anamwambia asimwambie mtu, na mwisho wote wanacheka. Nani amekileta shuleni kwetu?"

Alipokuwa anaibana karatasi hiyo ubaoni, jirani yake wa dawati alikuja kusimama nyuma yake. Msichana huyo aliitwa Kimya na jina lilimfaa, kwa kuwa maneno yake ya wiki nzima Wakili aliyamaliza kabla ya kengele ya kwanza.

"Sumu?" Kimya aliuliza. "Mimi sikuona sumu. Wakili, umeanzia wapi?"

"Nimeanzia mwanzo! Ulitaka nianzie wapi, jikoni?"

Wenzao wakaangua kicheko. Kimya akajaribu tena. "Hapana, nauliza kwa sababu yule mtoto..."

"Yule mtoto amekufa, na wewe unamtetea muuaji. Haya, endelea, mtetee!"

Kimya akageuka, akaenda zake.

Jioni hiyo saluni ilijaa. Mama yake Wakili alikuwa anamsuka mama wa mapacha, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi barabara ya pili, na benchini walikaa wateja wengine wakisubiri. Wakili alikuwa anatenganisha rasta na kuzipitisha kwa mama yake. Hapo ndipo alipofungua kinywa. Akasimulia mashua, akasimulia watoto wanavyonenepa, akasimulia chupa, na kwa kuwa watu wazima walikuwa wanamsikiliza kwa makini hivyo, akatia na chumvi. Eti kiranja alicheka mtoto alipokuwa anakata roho. Kicheko hicho hakikuwamo kwenye picha yoyote.

"Mungu wangu!" mama wa mapacha aliruka, kichwa nusu kimesukwa. "Wanangu wanakiazima hicho! Juzi wote wawili wamegoma kulala bila taa!"

"Tulia, utaniharibia mstari," mama yake Wakili alisema, lakini mikono yake nayo ilikuwa imesimama. "Yaani tunawapeleka shule wajifunze kusoma, wao wanafundishwa kuwekeana sumu?"

"Na kula watu," Wakili aliongeza.

"Eboo!" benchi zima lilisema.

Mtu aliyeingia nusu saa baadaye kuosha nywele aliambiwa kwamba shule inafundisha watoto kuua. Aliyeingia baada yake aliambiwa kwamba kuna mtoto amekwisha kujaribu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekiona kitabu, lakini kila mmoja alikuwa na maoni, tena ya kupiga kelele.

Asubuhi akina mama walikuwa mlangoni mwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mkali, mwenye kazi nyingi kuliko saa za siku, na hasira za wazazi wengi kwa mpigo hakuzipenda hata kidogo. Alikichukua kitabu, akakifungia kabatini bila kukifungua. Ilipofika mapumziko, kufuli lilikuwa limening'inia kwenye mlango wa maktaba. Ubao wa Wasomaji ulikuwa umeshushwa, umegeuzwa uso ukutani. Mwalimu Miwani alisimama pembeni ameishika miwani yake mkononi, na siku hiyo hakuwa akiitafuta.

"Ijumaa wazazi wote watakuja," Mwalimu Mkuu alitangaza mstarini. "Mwalimu wa maktaba atajieleza. Wazazi wakiridhia, chumba kile kitarudi kuwa stoo, kama zamani. Na kwa niaba ya wanafunzi atazungumza msomaji aliyetufumbua macho." Akamwelekezea kidole Wakili.

Darasa la sita likapiga makofi. Wakili alivimba kichwa, tusifiche. Nyumbani mama yake alimnyooshea sare mara mbili, akamsuka mistari ya kwenda juu, akaahidi kufunga saluni Ijumaa mchana ili akae mbele kabisa.

Alhamisi, Wakili alikuwa kwenye bomba la maji shuleni alipomwona Kimya amekaa kwenye jiwe karibu na geti, peke yake, begi magotini. Watoto wengine walikuwa wameshaanza kwenda nyumbani.

"Unamngoja nani?" Wakili aliuliza.

"Baba. Mpaka atoke kazini."

"Kwa nini usikae ndani?"

Hapo Kimya akanyanyuka. Wakili hakuwahi kumwona na uso kama ule. "Ndani wapi? Ndani nilikuwa nakaa maktaba! Mama amelazwa hospitali tangu muhula uanze, nyumbani hakuna mtu, na Mwalimu Miwani alikuwa ananiachia mlango wazi. Sasa nakaa getini kama mzigo uliosahauliwa. Kwa sababu yako! Na hata kusoma hujasoma!"

"Nimesoma neno kwa neno!"

"Umesoma kinyumenyume! Nilitaka kukuambia siku ile, ukanifanya kichekesho. Wakili, juzuu yako unaifunguaje?"

"Juzuu? Naifungua... kwa kulia. Si inasomwa kutoka kulia?"

"Na hicho nacho kinasomwa kutoka kulia. Huko kilikotoka ndivyo wanavyosoma, na waliokifasiri waliziacha picha zilivyo. Mimi nilipoona mtu anajibu kabla hajaulizwa, nikakigeuza, nikaanzia upande wa pili. Maneno yote yakakaa mahali pake." Kimya akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Yule mtoto hakufa."

Kila Jumamosi tangu akiwa mdogo Wakili alikaa chuoni akifungua juzuu yake ya Kurani kwa kulia bila hata kufikiri, kama anavyofungua mlango wa kwao. Lakini maneno ya kitabu kile yalikuwa ya Kiswahili, yenye herufi za shuleni, na mkono wake ukaenda kushoto wenyewe. Ile mashua! Ile "Ahsante"! Wale watoto walikuwa wanakonda, na yeye akawaona wananenepa!

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kubisha hodi kwa Mwalimu Mkuu.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kukisoma tena kile kitabu. Kesho nitazungumza mbele za watu, nataka kuhakikisha."

"Marahaba. Si umeshakisoma?"

"Ndiyo, mwalimu. Lakini naomba."

Mwalimu Mkuu alimtazama juu ya mafaili, akafungua kabati, akamwonyesha kiti cha pembeni. "Kaa pale. Na usinisumbue, nina ratiba ya mitihani hapa."

Safari hii Wakili alikigeuza, akakifungua kwa kulia. Darasa lilikuwa ufukweni, limepiga mstari, linacheka, linasubiri kwenda matembezi. Halikuwa na habari ya yatakayolipata. Kisha ukungu. Watu wazima wakachukua mashua kwenda kutafuta msaada, wakasema watarudi kabla ya jioni, na hawakurudi. Kile kitu kikaanza kupanda ngazi, na Wakili akainua miguu yake kutoka sakafuni akaikunja kitini, maana kitabu kilitisha kweli, kilitisha kuliko alivyokisoma mwanzo. Watoto wakakonda. Maji ya mnarani yakaisha, kila mmoja akabaki na kidogo chake tu kwenye chupa.

Halafu ukafika ukurasa ule. Mtoto mdogo amelala chini, macho yamegeuka, midomo imekauka. Kiranja anapiga magoti, anaangalia nyuma kama kuna anayemwona. Chupa ni yake mwenyewe, yenye maji yake ya mwisho. "Kunywa yote," anamwambia. "Usimwambie mtu." Hakutaka wenzake wajue kwamba yeye amebaki bila hata tone, wasije wakamrudishia. Mtoto anakunywa. Mtoto anakaa. Mtoto anatabasamu.

Wakili alilia pale pale kitini, bila sauti, kamasi na machozi pamoja. Alikuwa amemwita msichana yule muuaji. Alikuwa amelitangaza hilo shuleni na saluni.

Nyumbani alitaka kusema, lakini mama yake alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. "Mama, kuhusu kesho..."

"Usiogope, mwanangu. Sema vile vile ulivyotuambia sisi. Nimeshawaambia watu wote waje wakusikie."

Watu wote! Akinyamaza, hakuna atakayejua. Kimya si mtu wa kusema mbele ya watu. Mama atabaki na heshima yake, na yeye atabaki Wakili. Kitakachopotea ni chumba tu, na mwalimu mmoja mwenye kusahau miwani, na mtoto mmoja kwenye jiwe la getini. Aligeuka kitandani mpaka shuka likamsokota, na kila alipofumba macho alimwona yule kiranja anaangalia nyuma kama kuna anayemwona.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mama yake alikaa mbele, kajitanda vizuri, pembeni yake mama wa mapacha. Mwalimu Miwani alikaa upande wa walimu akiangalia viatu vyake. Wakili alipoitwa, makofi yakapigwa. Alijikaza kisabuni, akapanda jukwaani na kitabu alichokabidhiwa na Mwalimu Mkuu.

"Mimi," alianza, sauti ikatoka nyembamba, "nilisema kiranja amemwekea mwenzake sumu. Si kweli."

Minong'ono ikazuka. Mama yake alitoa macho.

"Kitabu hiki kinasomwa kutoka kulia, na mimi nilikisoma kutoka kushoto. Nilikisoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Nilimwona mtoto anakunywa halafu anaanguka, kumbe alianguka kwanza, halafu mwenzake akampa maji yake mwenyewe ya mwisho. Watoto hawakuwala watu wazima. Watu wazima waliwaacha, wakarudi mwishoni." Akamtafuta Kimya kwa macho. "Na kile kicheko nilichosimulia saluni hakimo kabisa. Nilikitunga mimi. Kimya alitaka kunieleza, nikawafanya watu wamcheke. Namwomba radhi, na Mwalimu Miwani, na mama."

Ukumbi ukalipuka.

"Yaani nimepanda mpaka kwa Mwalimu Mkuu kwa hadithi ya kinyumenyume?" mama wa mapacha alifoka. "Na huo usingizi wa wanangu nao ni wa kinyumenyume? Wanalala na taa hadi leo!"

"Lakini wewe mwenyewe umekisoma?" mzazi mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Nikisome wapi, mimi nilikuwa nasukwa!"

Kicheko kikapita, ila mama yake Wakili hakucheka. Alisimama. Wakili akasubiri kugombezwa mbele za watu, na moyoni akakubali kwamba anastahili.

"Binti yangu amekosea, na jioni tutazungumza naye vizuri," mama alisema. "Lakini yeye ana miaka kumi na miwili. Mimi ninayo mingapi? Nimelisambaza jambo hili kwa kila kichwa kilichopita mikononi mwangu, na sikuuliza hata kitabu kina rangi gani. Mwalimu, utuwie radhi."

Mwalimu Miwani naye akainuka, akipapasa kifua kutafuta miwani iliyokuwa puani. "Nami nina langu. Kulikuwa na ukurasa unaomwonya msomaji kwamba asianzie kushoto. Nilipokuwa nabandika karatasi za kuazimia vitabu, moja niliibandika juu ya onyo hilo. Nilikuwa na vitabu vingi na haraka nyingi. Nilimfungia mtoto huyu njia, halafu nikashangaa amepotea."

Ndipo Mwalimu Mkuu aliposimama, na ukumbi ukatulia, maana mama yule hakuhitaji kupiga meza.

"Ubao ule uliuliza kitu kimoja tu: umeona nini mwenyewe?" alisema. "Wanafunzi wamegombana wiki nzima, wengine wakisema kizuri, wengine kichomwe, kumbe walikuwa wamesoma hadithi mbili tofauti ndani ya jalada moja. Hao ni watoto, na angalau walisoma. Sisi watu wazima hatukusoma chochote, tukafunga chumba. Nami ni wa kwanza. Kitabu kilikaa kabatini kwangu siku zote hizo na sikukifungua."

Akamgeukia Wakili. "Hasira yako dhidi ya dhuluma ni kitu kizuri, mwanangu, usiizime. Lakini kabla hujamhukumu mtu, awe wa kitabuni au wa mtaani, jiulize umeanzia wapi habari yake. Ukiianzia mwisho, aliyetoa maji utamwona ametoa sumu. Na rafiki akikuuliza swali, mwache alimalize. Leo umesimama peke yako ukajisahihisha mbele ya mama yako na majirani zako. Wenzangu wengi wenye mvi hawajawahi kuliweza hilo."

Kuhusu usingizi wa mapacha, ilikubaliwa kwamba kitabu kile kitaazimwa na darasa la sita na la saba tu, na mama wa mapacha akaketi shingo upande, akinung'unika kwamba walau amesikilizwa. Kufuli likaondolewa siku ile ile. Ubao wa Wasomaji ukarudi mahali pake, Wakili ameshika upande mmoja na Kimya upande mwingine, na kwa mara ya kwanza ni Kimya aliyekuwa anatoa amri: "Inua. Inua kidogo. Basi!"

Kisha Wakili akaandika maoni mapya, akayabana:

"Nimekisoma kuanzia kulia. Bado nina hasira. Kwa nini watu wazima wote waliondoka na mashua wakawaacha watoto peke yao? Hilo hakuna aliyelijibu. Lakini kiranja namwomba radhi."

Jumamosi jioni, wateja walipokwisha, mama yake alikaa kwenye kiti cha kusukia, akanyoosha mkono. "Haya, nipe hicho kitabu chenu nikione, kimenivunjia heshima mji mzima."

Wakili akampa. Mama akalowesha kidole, akakifungua kwa kushoto.

"Mama!"

"Nini tena?"

Wakili alikitoa mikononi mwake, akakigeuza, akakirudisha magotini pake kikiwa kimefunguliwa kwa kulia. Kisha akachukua ufagio, akaendelea kufagia nywele, na siku hiyo hakusema neno. Aliufagia upande wa kioo, akaufagia upande wa benchi, na nyuma yake alisikia kurasa zikifunuliwa polepole, kisha zikaacha kufunuliwa.

"Lo!" mama yake alifoka ghafla. "Huyu mtoto amempa mwenzake maji yake yote! Na yeye je? Nani atampa yeye? Hao wazazi wako wapi?"

"Endelea, mama," Wakili alisema. "Bado hujafika mwisho."